Sayari Zisizo na Jua

Maneno haya niliyasema mjini Kilifi usiku mmoja wa Januari, kwenye uwanja wa shule, mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi wao. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu. Nimeondoa vikohozi, na pale mpira ulipotua katikati ya viti. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye nyasi huko nyuma, hamjambo. Nashukuru kwa kuniita. Mwalimu mkuu ameniomba nizungumze nusu saa na nisitumie maneno magumu. La maneno magumu nimekubali. La nusu saa sikuahidi.

Kabla ya yote, inueni macho. Kule juu, upande wa kaskazini, mnaona kifungu cha nyota ndogondogo zilizobanana? Wakulima na wavuvi waliopo hapa hawana haja ya kuambiwa jina lake. Hicho ni Kilimia. Wazee walikifanya kalenda: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa teremkeni kidogo kuelekea mashariki. Nyota tatu zimepangana mstari, huo ni mshipi wa Jabari. Chini ya mshipi pananing'inia upanga wake, na katikati ya upanga pana doa lenye ukungu. Lishikeni hilo doa, tutalirudia.

Shuleni tulifundishwa Jua liko katikati na sayari nane zinalizunguka, kila moja na njia yake, kama watoto waliozunguka sinia la pilau. Hakuna anayepanda juu ya mwenzake, hakuna anayeondoka. Kwa nyumba yetu picha hiyo ni sawa kabisa. Kosa letu ni kudhani kila nyumba iko hivyo. Huko nje ziko sayari zisizozunguka nyota yoyote. Ziko peke yake katika giza, hazina asubuhi wala jioni. Na viko viumbe vya mbinguni ambavyo mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama viitwe nyota au sayari. Hao wawili ndio wageni wetu wa usiku huu, na jinsi wanavyokutana, wanavyosukumana na wanavyochukuana.

Niseme kwanza juu ya majina, maana hapo ndipo penye shida yote. Kuna wanaoziita sayari hizi yatima. Mimi jina hilo nalikataa. Yatima ni mtu aliyekuwa na mzazi akamkosa, na hizi, kama mtakavyosikia, nyingine huenda hazikuwahi kuwa na mzazi. Mimi huziita sayari tangatanga. Naam, chekeni, najua mnacheka nini. Hii si siasa, mheshimiwa diwani atulie.

Halafu neno lenyewe, sayari. Limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kwenda, kusafiri. Waliofanya kazi Maskati na Dubai watatuambia: ukiwa kule ukisema *sayyara*, mtu anakuelewa unasema gari. Kwa hiyo aliyetupa neno hili hakusema lazima iwe na jua la kulizunguka. Alisema tu kwamba inakwenda. Neno letu lina nafasi pana kuliko picha ya kitabuni.

Sasa mgeni wa pili, vibete kahawia. Mama zangu mnaowasha jiko la mkaa mtanielewa haraka kuliko mwanafunzi wa fizikia. Nyota ni wingu la gesi lililojikusanya likajibana kwa uzito wake mpaka katikati pakapata joto la kuunganisha viini vya haidrojeni kuwa heli. Huo ndio moto wa nyota, na ukishashika unadumu mamilioni na mabilioni ya miaka. Lakini wingu likiwa dogo, katikati hapafiki joto hilo. Kuna aina nzito ya haidrojeni iitwayo deuteri, ambayo inashika moto upesi, ila ni kidogo mno. Basi ni kama karatasi ulilowashia jiko: karatasi limeungua, mkaa umekuwa mwekundu kidogo pembeni, halafu haukushika. Jiko linabaki na joto, joto linapungua, linapungua, miaka mabilioni. Hicho ndicho kibete kahawia.

Kwa mizani, tunatumia sayari ya Mshtarii kama jiwe la kupimia. Mshtarii ina uzito wa Dunia 318. Jua lina uzito wa Mshtarii elfu moja na zaidi kidogo. Ukifika uzito wa Mshtarii 13, lile karatasi la deuteri linaweza kuwaka. Ukifika 75 au 80, mkaa unashika na wewe ni nyota kamili. Kati ya hapo ni kibete kahawia. Na la ajabu ni kwamba uzito unaongezeka lakini mwili haunenepi. Chukua pishi la mchele, libane mpaka vipishi 50 viingie, na chombo kibaki kilekile. Kibete chenye uzito wa Mshtarii 50 kina ukubwa wa Mshtarii moja tu, au karibu yake.

Habari zake zilianza kwenye karatasi ya hesabu. Shiv Kumar alizipigia hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaziita vibete vyeusi. Jina hilo likawa tayari lina mwenyewe, lilitumika kwa nyota iliyokufa ikapoa kabisa, na mwaka 1975 Jill Tarter akapendekeza kahawia. Si kwamba mtu aliona rangi. Hakuna aliyekuwa ameona hata kimoja! Ukikiona kwa karibu, wanasema kingekuwa na wekundu wa kufifia. Kwa hiyo tuna kitu chenye jina la rangi isiyo yake, na miaka 20 kikatafutwa.

Kilipatikana wapi? Tazameni tena Kilimia. Mwaka 1995 Rafael Rebolo na wenzake María Rosa Zapatero Osorio na Eduardo Martín, kutoka visiwa vya Kanari, walitangaza kitu hafifu humo ndani wakakiita Teide 1, kwa jina la mlima wa volkano wa kisiwani kwao. Uthibitisho ulikuja kwa lithi. Ndiyo, lithi ileile iliyo katika betri ya simu yako. Nyota ya kweli huichoma lithi yake ikaisha. Teide 1 bado ilikuwa nayo, maana yake ndani hamna moto wa kutosha. Mimi kila nikiangalia Kilimia nakumbuka kwamba ndani ya kalenda ya babu zetu mlikuwa na jiko lisiloshika, nasi hatukujua.

Mwaka uleule, mwezi Oktoba, kwenye mkutano mmoja huko Florence, Italia, zilitangazwa habari mbili kubwa: kibete kahawia kinachozunguka nyota iitwayo Gliese 229, na sayari ya kwanza kuonekana ikizunguka nyota inayofanana na Jua letu. Hiyo ya pili iliwapa Michel Mayor na Didier Queloz tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ile ya kwanza iliendelea kuwasumbua watu. Kila walipokipima kibete cha Gliese 229 walikikuta kizito sana, karibu Mshtarii 70, na mwanga wake haukulingana na uzito huo. Ni kama mtu anunue ng'ombe wa kilo 400 akampa maziwa ya mbuzi. Ikawa hivyo karibu miaka 30. Mwaka 2024 jibu likapatikana: ni viwili! Kimoja cha Mshtarii 38, kingine 34, vinazungukana kila baada ya siku 12, vimekaribiana mno hata darubini zikaviona kimoja.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka. Huku chini ya mpaka wa nyota, mambo ya kuoana, kutengana na kufukuzana ni mengi kuliko tulivyodhani.

Sayari inafukuzwaje? Vitu viwili vikizungukana havina ugomvi. Viache, utavikuta vilevile. Ugomvi huanza wa tatu akifika. Watatu wakiwa karibu, kila mmoja anamvuta mwenzake, mwendo unapokezanwa, na mara nyingi mwisho wake ni mmoja kutupwa nje, tena yule mwepesi. Si nadharia ya ajabu, tumeitumia wenyewe. Chombo cha Voyager 1 kilipita karibu na Mshtarii mwaka 1979, kikaongezewa mwendo na uvutano wake, na leo kinaondoka kwenda kwenye nyota nyingine, hakirudi. Hatukukibebesha mafuta ya safari hiyo. Mshtarii ndiyo iliyolipa: ilishuka kuelekea Jua kwa kiasi ambacho hakuna rula inayoweza kukipima. Sasa badala ya chombo, weka sayari. Jitu kubwa likipita jirani yake mara nyingi, siku moja ile ndogo inakwenda na njia.

Na msidhani sisi tumeepuka. Mwaka 2011 David Nesvorný alipiga hesabu za utoto wa mfumo wetu kwenye kompyuta, mara nyingi sana. Akiweka sayari kubwa nne kama zilizopo leo, mara nyingi mfumo unaharibika. Akiweka ya tano, halafu Mshtarii ikaifukuza, matokeo yanafanana zaidi na tunachokiona. Mimi sisemi ilitokea. Nasema hesabu inaipenda habari hiyo.

Njia nyingine si ya kufukuzwa na ndugu bali na kwenu kwenyewe. Nyota huzaliwa kwa makundi, nyingi pamoja, katika wingu moja. Bo Reipurth na Cathie Clarke mwaka 2001 walisema vibete kahawia vinaweza kuwa vichanga vya nyota vilivyosukumwa nje ya wingu kabla havijashiba. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Angebaki miaka elfu kadhaa tu angekuwa nyota.

Kwa hiyo sikilizeni mkanganyiko uliopo. Kitu kinachoelea peke yake chenye uzito wa Mshtarii 8: ni sayari iliyofukuzwa kwenye nyumba yake, au ni nyota iliyokosa maziwa? Ukikiangalia usoni huwezi kujua. Wote wawili wana gesi ileile, joto lilelile, ukubwa uleule.

Mfano mmoja mzuri uko karibu sana na sisi. Kevin Luhman alikitangaza mwaka 2014, kinaitwa WISE 0855, kiko miaka ya nuru 7 na kitu. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka, kama kilomita trilioni tisa na nusu, kwa hiyo hapo ni jirani wa mtaa wa pili. Uzito wake ni kati ya Mshtarii 3 na 10. Na joto lake? Makadirio ya kwanza yalisema nyuzi 13 hadi 48 chini ya sifuri. Vipimo vya baadaye vimelipandisha, lakini hata hivyo ungekigusa usingeungua. Kitu kinachohesabiwa katika ukoo wa nyota, na ubaridi wake ni wa jokofu!

[Hapa kijana mmoja aliuliza: kama hazina mwanga, mnazihesabuje?]

Swali zuri, na jibu lake lina fedheha kidogo ndani yake. Zile changa tunazipiga picha, maana bado zina joto la kuzaliwa na zinatoa mwanga wa joto ambao jicho halioni lakini darubini inaona. Mwaka 2013, kwa darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii, ilipatikana moja yenye uzito wa Mshtarii 6 hadi 8 hivi, haina nyota yoyote karibu. Mwaka 2021 kundi la Núria Miret-Roig lilichambua picha za miaka 20 za upande wa Akarabu, ile nge, likapata kati ya 70 na 170 kwa mkupuo. Idadi haijulikani kamili kwa sababu umri wa kundi lenyewe unabishaniwa, na umri ukibadilika uzito unabadilika nao.

Zile nzee, zilizopoa, haziwezi kupigwa picha. Hizo tunaziona kwa kivuli kilichogeuka. Yaani sayari ikipita katikati yetu na nyota ya mbali, uvutano wake unaupinda mwanga wa nyota ile na kuukusanya kama lenzi, na nyota inang'aa zaidi kwa muda, kisha inarudi. Kama mzigo ni wa Mshtarii, mng'ao unachukua siku moja au mbili. Kama ni wa Dunia, saa chache. Fupi kuliko zote wakati ulipotangazwa, mwaka 2020, ilinaswa na darubini ya OGLE huko Chile: dakika 42. Sufuria ya maharage haijaiva. Mzigo ule ulikadiriwa kuwa kati ya Mirihi na Dunia. Na haitarudi tena kupita hapo, ndiyo hiyo hiyo mara moja.

Fedheha niliyosema ni hii. Mwaka 2011 kundi la MOA, lenye darubini New Zealand, lilitangaza kwamba kila nyota ina karibu sayari mbili za Mshtarii zinazotangatanga. Magazeti yakaandika. Mwaka 2017 Przemek Mróz na wenzake wakahesabu matukio mengi zaidi wakasema hapana, haizidi moja kwa kila nyota nne. Mwaka 2023 MOA wakarudi na data ya miaka tisa: nzito ni chache kweli, lakini nyepesi, za kiasi cha Dunia na Neptuni, ni kama 20 kwa kila nyota. Ishirini! Maana yake ni kwamba sayari zisizo na jua ni nyingi kuliko zilizo nalo, na sisi tuliokaa mezani ndio wachache. Mnaona namba zilivyopanda, zikashuka, zikapanda. Kuna watu hili linawafanya waidharau sayansi. Mimi linanifanya niiamini zaidi, kwa sababu aliyekosolewa ndiye aliyerudi na hesabu bora.

Sasa lile doa la ukungu kwenye upanga wa Jabari. Kutoka hapa hadi pale ni miaka ya nuru 1,300 na zaidi. Ni chumba cha kujifungulia nyota. Mwaka 2023 Samuel Pearson na Mark McCaughrean walielekeza darubini ya James Webb pale ndani wakahesabu vitu 540 vyenye uzito wa sayari. Hilo halikuwashtua. Lililowashtua ni kwamba humo mlikuwa na jozi kama 40, wawili wawili! Jozi za sayari, hazina nyota, zinazungukana kwa mbali. Wakaziita JuMBO, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jozi za uzito wa Mshtarii.

Fikirini tatizo lake. Ukimfukuza mtu mmoja nyumbani, sawa. Lakini kuwafukuza wawili kwa teke moja, wakatoka wameshikana mikono, na mkono usiachane? Na ukisema hapana, zilizaliwa kama nyota, kutokana na wingu, hesabu inakataa: wingu haliwezi kujigawa vipande vidogo chini ya Mshtarii 3 hivi, na nyingine ya hizi ilikuwa na chini ya Mshtarii moja. Kila mlango unaogonga umefungwa. Wananadharia wakakesha. Kisha mwaka uliofuata Luhman, huyuhuyu wa jirani yetu baridi, akazipitia rangi zake moja moja akasema nyingi katika jozi hizo si sayari hata kidogo, ni nyota za nyuma ya wingu ambazo vumbi limezibadilisha rangi. Ugomvi unaendelea. Ukiniuliza mimi, nadhani Luhman ana hoja nzito, ila hata zikibaki jozi tatu za kweli bado kazi ya kuzieleza iko palepale.

Wakati huohuo kuna iliyojitokeza ikatia chumvi kidondani. Inaitwa Cha 1107, iko katika kundinyota la Kinyonga, miaka ya nuru 620 hivi; kwetu hapa Kinyonga anainuka kidogo tu juu ya upeo wa kusini. Uzito wake ni Mshtarii 5 hadi 10, haina nyota. Mwaka 2025 darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile iliikuta inakula. Imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, na mwezi wa Agosti ilikuwa inameza tani bilioni 6 kila sekunde, mara nane ya ilivyokuwa miezi michache kabla. Ulafi wa kupanda na kushuka namna hiyo ndio tabia ya nyota changa. Kwa uzito ni sayari, kwa tabia ya kula ni nyota.

Nilisema nitaeleza pia yale ambayo vibete na sayari hufanyiana. Katika kundinyota la Mizani, miaka ya nuru 120 kutoka hapa, kuna vibete kahawia viwili vinavyozungukana kila baada ya siku 21, vinapatwa kimoja na kingine kwa jinsi tulivyokaa sisi, na cha tatu kiko mbali vinakizunguka pamoja. Jina lake ni 2M1510. Thomas Baycroft wa Birmingham, Uingereza, na wenzake waliupima mwendo wa vile viwili kwa makini. Njia yao si duara kamili, ni yai, na yai lenyewe linageuka polepole. Sasa, nguvu zote zinazojulikana zingeligeuza yai hilo mbele. Wao wakalikuta linageuka kinyumenyume. Wakajaribu kumlaumu kibete wa tatu, yuko mbali mno. Jibu pekee lililobaki: kuna sayari, na haizunguki nao mezani kama sahani. Imesimama wima, kama gurudumu la baiskeli lililovuka meza, inapita juu ya vichwa vyao na chini ya miguu yao. Walilitangaza mwaka 2025. Hakuna aliyeiona sayari hiyo, imejulikana kwa namna inavyowasukuma wenzake. Katika yote niliyowaeleza usiku huu, hilo ndilo ninalolipenda.

Je, aliyefukuzwa anaweza kupata nyumba nyingine? Kwa shida. Chukua gololi, iviringishe ndani ya bakuli kwa kasi: inashuka, inapanda upande wa pili, inatoka. Iliyoingia na mwendo inatoka na mwendo. Ili ibaki, lazima mwendo wake uchukuliwe na mwingine, yaani pawepo mtu wa tatu, au kundi la nyota zilizozaliwa pamoja liwe linatawanyika polepole, sayari na nyota zikawa zinakwenda upande mmoja kwa mwendo karibu sawa. Hagai Perets na Thijs Kouwenhoven mwaka 2012 walipiga hesabu hiyo: kama sayari tangatanga zingekuwa sawa kwa idadi na nyota, nyota 3 hadi 6 katika kila mia zingejipatia mtoto wa kulea. Na mtoto huyo angekaa mbali sana, pengine njia yake imepinda kabisa.

Iko moja iliyodhaniwa tangatanga miaka kadhaa, 2MASS J2126. Mwaka 2016 Niall Deacon na wenzake wakagundua kwamba nyota moja ndogo iliyo mbali nayo inakwenda nayo pamoja. Wameachana kilomita kama trilioni moja, mara 6,900 ya umbali wetu na Jua. Mzunguko mmoja unachukua karibu miaka 900,000. Kumbe ilikuwa na kwao muda wote! Ama ilizaliwa pale, ama imelelewa, hakuna cheti.

[Mama mmoja alisimama: Je, mmoja wa hawa akija hapa kwetu?]

Mama, alishakuja. Na hapa nitamaliza.

Mwaka 2013 Ralf-Dieter Scholz, mtaalamu wa Ujerumani, aliiona nyota nyekundu ndogo, miaka ya nuru 20 na kitu kutoka hapa, upande uleule wa Jabari. Ina kibete kahawia cha Mshtarii 65 hivi kinachoizunguka. Eric Mamajek akaona jambo: nyota iliyo karibu hivyo inapaswa kuonekana ikihama mbinguni mwaka hadi mwaka, na hii karibu haihami. Wavuvi wameshajua jibu. Ngalawa inayokwenda kushoto au kulia unaiona ikihama. Ngalawa inayotoka ufukweni moja kwa moja kwenda kilindini haihami, inapungua tu. Basi ile nyota inaondoka moja kwa moja kutoka kwetu, kilomita zaidi ya 80 kwa sekunde, na anayeondoka hivyo alikuwa hapa. Mamajek akarudisha hesabu nyuma: miaka 70,000 iliyopita ilipita chini ya mwaka mmoja wa nuru kutoka kwenye Jua, ndani ya wingu la vimondo linalouzunguka mfumo wetu. Hesabu mpya zaidi zinasema karibu 80,000, na mbali kidogo zaidi. Haikutudhuru. Kama iliamsha kimondo chochote, kitachukua hadi miaka milioni mbili kufika. Tuna muda.

Sasa hapa hapa Kilifi, pango la Panga ya Saidi, wengi wenu mmefika. Humo wachimbaji, pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa, walikuta kaburi. Mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu kilichokwisha kuoza, kama mto. Mifupa ilikuwa laini hata ikabidi waifunge kwa plasta na kuitoa na udongo wake. Wamempa jina Mtoto. Kaburi lina miaka 78,000 hivi, la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yanayojulikana Afrika.

Tarehe zote mbili zina upana wa miaka elfu nyingi, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba ni usiku uleule, wala mwaka uleule. Nasema ni zama zilezile. Watu waliomfunika mtoto yule waliishi wakati nyota ngeni na kibete chake walipokuwa wanapita uani kwetu. Kibete wasingekiona kamwe. Nyota yenyewe kwa kawaida ilikuwa hafifu mno kwa jicho. Lakini nyota nyekundu za aina hiyo hufumuka ghafla, zikawaka mara nyingi zaidi kwa dakika chache au saa moja hivi, na katika mfumuko wa namna hiyo ingeonekana bila darubini. Mtu aliyeketi mlangoni mwa pango usiku, macho juu, angeona nukta mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Kabla hajamwita mwenzake, imezimika.

Haya, mwalimu, tuzimie taa za darasani. Darubini iko pale kwenye mlingoti wa bendera, wadogo watangulie. Anzeni na upanga.